Gramu Ulizopima na Gramu Zilizofika Juu: Viongezeo Kwenye Uso wa Plastiki ya Kalibu

Beseni la polipropilini, plastiki ya kawaida ya vyombo vya nyumbani, linatoka kwenye kalibu likiwa linang'aa. Linapangwa stoo chini ya bati, na wiki tatu baadaye mteja analipokea likiwa na ukungu mweupe unaoweza kuandikwa jina juu yake kwa kidole. Hakuna aliyegusa fomula. Mashine ni ileile, punje za plastiki ni za shehena ileile, mizani inasoma vilevile. Kilichobadilika ni mahali kilipo kiongezeo: kilikuwa kimetawanyika ndani ya ukuta wa beseni, sasa kimejikusanya juu.

Kiongezeo ni kitu chochote kinachochanganywa na plastiki kwa kiasi kidogo ili kuipa sifa ambayo yenyewe haina, kama utelezi, kinga ya jua, rangi, au uwezo wa kutonasa vumbi. Fomula hukipima kwa asilimia ya uzito wote wa bidhaa, lakini kazi yake kwa sehemu kubwa hufanyika juu. Msuguano uko juu, vumbi hunasa juu, wino hushika juu, na jua huanza kula plastiki kutokea juu. Kwa hiyo asilimia iliyoandikwa kwenye karatasi ya fomula haikuambii unachohitaji kujua zaidi: katika gramu ulizopima, ngapi zitafika kwenye uso, zitafika lini, na zitakaa hapo muda gani.

Mambo matatu ndiyo yanayoamua. La kwanza ni namna plastiki iliyoyeyuka inavyoijaza kalibu, jambo la sekunde chache. La pili ni kuhama kwa kiongezeo ndani ya plastiki iliyokwisha kuganda, jambo la saa hadi miezi. La tatu ni kupotea kwake kwa kuoshwa, kufutwa au kuvukizwa. Kila moja lina dawa yake, na viwandani muda mwingi hupotea kwa kutibu moja kwa dawa ya lingine: fundi anaongeza kiongezeo wakati tatizo ni ujazaji, au anahangaika na shinikizo la mashine wakati tatizo ni uhamaji.

Kabla ya kugusa chochote, tambua kwanza unashughulika na lipi. Kasoro ya ujazaji huonekana papo hapo bidhaa inapotoka, na umbo lake hufuata njia ya plastiki: michirizi inayoanzia kwenye mlango wa kalibu, mistari pale mikondo miwili inapokutana, mabaka mahali palepale kila mara. Kasoro ya uhamaji huchelewa, husambaa, na hufutika. Ipitishie kitambaa chenye pombe ya isopropili. Ukungu ukiondoka na chini yake pakang'aa, ni kiongezeo kilichotoka nje. Kisha elekeza hewa ya moto ya nyuzi 90 hivi za Selsiasi mahali pengine penye ukungu. Viongezeo vingi vya utelezi huyeyuka kati ya nyuzi 70 na 85, hivyo ukungu wake hutoweka machoni pako na pengine kurudi siku zinazofuata. Vumbi la madini haliyeyuki kwa joto hilo. Michirizi ya fedha inayoletwa na unyevu haifutiki kwa chochote, kwa kuwa ni mapovu yaliyolazwa ndani ya ngozi ya plastiki. Na unga unaotoka kwenye kiti kilichokaa juani miaka mitatu ni plastiki yenyewe iliyokufa ikichanganyika na rangi: hauyeyuki kwa nyuzi 90, na ukiutazama kwa lenzi utaona nyufa ndogo chini yake.

Kalibu inavyojaa

Plastiki iliyoyeyuka haisukumwi ndani ya kalibu kama pistoni ndani ya bomba. Katikati hukimbia, pembeni hukwama kwa sababu ukuta wa kalibu ni baridi. Sehemu ya mbele ya mkondo hutokeza katikati na kujimwaga kuelekea kuta mbili, ikigusa chuma na kuganda papo hapo. Wahandisi huuita mtiririko wa chemchemi. Matokeo yake ni muhimu kuliko jina: ngozi ya bidhaa imetengenezwa na plastiki iliyopitia katikati ya mkondo, ikavutwa sana pale mbele, kisha ikagandishwa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ngozi hiyo huwa na unene wa sehemu ya kumi ya milimita hivi, hadi sehemu chache za kumi, kutegemea joto la kalibu, kasi na unene wa ukuta.

Kiongezeo cha molekuli ndogo kilichoyeyuka kabisa ndani ya plastiki hakibaguliwi sana na mtiririko huu. Chembe ngumu hubaguliwa. Chukua nailoni yenye asilimia 30 ya nyuzi za kioo. Kalibu ikiwa baridi, ngozi huganda kabla nyuzi hazijazamishwa kwenye nailoni, na uso unatoka wa kijivu, wenye mikwaruzo ya nyuzi zilizojitokeza. Dawa ni kuipandisha kalibu hadi nyuzi 80 au 100, kuongeza kasi ya kujaza, na kuendelea kushikilia shinikizo ili nailoni isiyo na nyuzi ibanwe dhidi ya chuma na kufunika juu. Wenye vifaa huipasha kalibu kwa mvuke au kwa umeme kabla ya kujaza na kuipoza mara baada yake. Nyuzi hubaki chini, uso unakuwa laini kama wa plastiki tupu.

Sasa ligeuze hitaji. Trei ya kubebea vipuri vya elektroniki imetengenezwa kwa polipropilini yenye masizi ya kupitisha umeme, pengine asilimia 15 hadi 25 kutegemea aina ya masizi. Hapa safu ya plastiki tupu juu ni hasara, maana inakinga umeme. Ndani trei inapitisha vizuri, juu mita inasema haipitishi. Anayepima huongeza masizi, trei inazidi kuwa dhaifu na ngumu kujaza, na kipimo kinasogea kidogo tu. Kukwaruza kidogo kwa msasa kunamaliza ubishi: ukipima tena na ukinzani umeshuka sana, masizi yanatosha, ni ngozi iliyoyafunika. Kinachosaidia ni kujaza polepole na kuitunza kalibu ikiwa ya moto, ili mtandao wa masizi usivutwe na kukatika pale mbele ya mkondo, na upate muda wa kujiunga tena kabla ya kuganda. Ndiyo maana mpangilio mmoja wa mashine hauwezi kuwa mzuri kwa kila kiongezeo. Kasi inayouokoa uso wenye nyuzi inauharibu uso unaotakiwa kupitisha umeme.

Rangi zenye vibapa vya alumini zina shida yao. Vibapa hulala sambamba na uso kila mahali isipokuwa pale mikondo miwili inapokutana, ambapo husimama wima na kuacha mstari mweusi. Joto na shinikizo huupunguza mstari huo, haviufuti. Anayetaka kuuondoa ahamishe mlango wa kalibu ili mikondo ikutane mahali pasipoonekana, na uamuzi huo ni rahisi kabla chuma hakijachongwa.

Kabla hata ya kalibu, kuna suala la kuchanganya. Viwanda vingi havipimi kiongezeo kitupu. Vinatumia mastabachi, yaani punje zenye kiongezeo kilichokolezwa. Tuseme unataka asilimia 0.15 ya kiongezeo cha utelezi na mastabachi yako ina asilimia 5. Utatia asilimia 3, sawa na gramu 750 kwa kila mfuko wa kilo 25. Kwa ndoo ya gramu 400 hesabu hiyo haina taabu: gramu 12 za mastabachi ni punje zaidi ya mia nne. Kwa kifuniko cha chupa cha gramu 3 ni gramu 0.09, ambazo ni kama punje nne. Kifuniko kimoja kikipata tano na kingine tatu, tofauti yao ya utelezi si ndogo. Skrubu inayosukuma plastiki ndani ya bareli, silinda ya moto ya mashine, husaidia kusawazisha kwa kuwa hubeba plastiki ya mizunguko kadhaa kwa pamoja, lakini usiitegemee ifanye yote. Nunua mastabachi hafifu zaidi, yenye asilimia 2, na utie asilimia 7.5. Idadi ya punje kwa kila kifuniko inakuwa zaidi ya maradufu kwa kiwango kilekile cha kiongezeo. Ongeza pia shinikizo la nyuma la skrubu kidogo kidogo hadi michirizi iishe, na hakikisha plastiki inayobeba kiongezeo ndani ya mastabachi ni ya jamii moja na ile unayoitumia.

Kumwaga unga wa kiongezeo cha utelezi moja kwa moja kwenye hopa, chombo cha kumiminia punje juu ya mashine, ili kuokoa gharama ni kosa. Huyeyuka karibu nyuzi 80, kwa hiyo huanza kulainika kwenye koo la mashine, hugandisha punje kuwa madonge, na kile kinachopita hulainisha ukuta wa bareli hadi skrubu inazunguka bila kusukuma. Muda wa kupakia hubadilika kila mzunguko, na uzito wa bidhaa hufuata.

Kuhama baada ya kuganda

Fikiria shira ya kaimati. Ikiwa motoni inabeba sukari nyingi bila kuonyesha. Ikipoa, sukari iliyozidi uwezo wake hujitenga na kuota fuwele. Polipropilini kwenye nyuzi 230 inaweza kuyeyusha kiongezeo kingi kuliko inavyoweza kwenye nyuzi 30. Inapopoa, sehemu ya plastiki hujipanga kuwa fuwele, na fuwele hizo hazikubali molekuli ngeni, zinazifukuza kwenda kwenye sehemu zisizo na mpangilio. Huko msongamano hupanda hadi kupita kiwango kinachoweza kubebwa, na ziada hutafuta njia ya kutoka. Njia iliyo wazi ni juu.

Kasi ya safari hutegemea ukubwa wa molekuli, umbo lake na jinsi inavyopatana na plastiki. Viongezeo vya utelezi vya jamii ya amidi vinaonyesha hili waziwazi. Oleamidi ina kaboni 18 na uzito wa molekuli wa 281, na huanza kulainisha uso ndani ya saa chache. Erukamidi, inayotokana na asidi ya eruki ya mafuta ya mbegu za repu, ina kaboni 22 na uzito wa 338. Huchelewa, mara nyingi huchukua siku moja hadi tatu kufikia utelezi wake wa kudumu, lakini haivukizwi kirahisi kwenye joto la mashine na mwishowe huteleza zaidi. Behenamidi ina kaboni 22 vilevile, ila haina kifungo maradufu. Hiyo huifanya isiathiriwe sana na oksijeni, na ndiyo sababu huchaguliwa kwa vifuniko vya maji ya kunywa: amidi zenye kifungo maradufu zikioksidika huacha ladha na harufu ambayo mnywaji wa maji huisikia kabla ya mnywaji wa soda.

Hapa ndipo kosa la gharama kubwa hufanyika, la kunakili kiwango kutoka kwenye filamu kwenda kwenye bidhaa nene. Piga hesabu. Mita moja ya mraba ya filamu ya poliethilini yenye unene wa mikroni 50 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) ina uzito wa gramu 46 hivi. Ukitia asilimia 0.2 ya erukamidi, una gramu 0.09 kwa pande zote mbili. Mita ya mraba ya ukuta wa beseni wenye unene wa milimita 3 ina gramu 2,700, na asilimia ileile ni gramu 5.4. Hifadhi ni kubwa mara sitini, wakati uso ni uleule. Tabaka chache za molekuli zinazotosha kulainisha uso ni miligramu tu kwa mita ya mraba. Gramu zilizobaki hazina kazi. Zinasubiri ndani, na kila beseni linapopashwa na kupoa, nyingine hutoka. Kwa kuta nene anza na theluthi ya kiwango cha filamu, pima, kisha panda polepole.

Unene pia hubadili muda. Muda wa kuhama huenda na mraba wa umbali: ukuta ukiwa mnene maradufu, molekuli iliyo katikati huhitaji muda mara nne kufika juu. Kwa hiyo bidhaa nene hupata utelezi wake wa kwanza kutoka kwenye safu ya juu tu, kisha huendelea kutoa kwa miezi. Beseni lililopita ukaguzi siku ya pili linaweza kushindwa mwezi wa pili bila mtu yeyote kukosea kipimo.

Joto la stoo lina athari mbili zinazovutana, na wengi huiona moja tu. Joto huharakisha kuhama, hilo linajulikana. Lakini pia huongeza uwezo wa plastiki kubeba kiongezeo, hivyo kwenye joto kali sehemu ya kilichotoka huyeyuka na kurudi ndani. Stoo ya bati inayopanda mchana na kushuka usiku ndiyo mbaya zaidi: mchana molekuli hukimbia, usiku plastiki hupunguza uwezo wake na kuzitema. Polipropilini nayo huendelea kuota fuwele siku kadhaa baada ya kutoka kwenye kalibu, na kila fuwele mpya hufukuza kiongezeo kingine. Hewa ipite, dari iwekewe kizuizi cha joto, na marobota yasikae dhidi ya ukuta wa magharibi. Hayo hupunguza ukungu kuliko marekebisho mengi ya mashine.

Vijazo, yaani unga mgumu unaochanganywa ndani ya plastiki, hula viongezeo. Ulanga, silika na masizi vina uso mpana sana, na molekuli za amidi au za kinga ya jua hujishikiza humo badala ya kuja juu. Ukibadili rangi kutoka nyeupe kwenda nyeusi na utelezi ukapungua, usimlaumu mwenye kiongezeo kabla ya kuangalia masizi. Kwa upande mwingine, punje ulizonunua huenda tayari zina kitu ndani. Aina nyingi za polipropilini za kutengenezea bidhaa za kalibu huja na kizuia umemetuamo, yaani umeme uliotulia juu ya uso na kunasa vumbi, na kianzisha fuwele kutoka kwa mtengenezaji. Ukiongeza chako juu ya kilichomo, umepita kikomo bila kujua. Soma karatasi ya sifa za punje, na kama haisemi, muulize muuzaji kwa maandishi.

Vumbi na unyevu wa hewa

Vyombo vyeupe vya jikoni vikikaa rafuni hunasa vumbi kwa umbo la matawi, alama ya umemetuamo. Kiongezeo kinachotumika sana kwenye polipropilini ni gliseroli monostearati, asilimia 0.4 hadi 1. Nusu moja ya molekuli yake hupatana na plastiki na kubaki imezama, nusu nyingine hupenda maji na kutokeza juu, ambapo hunasa unyevu wa hewa. Unyevu huo ndio unaopitisha umeme. Ukinzani wa uso hushuka kutoka zaidi ya omu 10¹⁵ hadi kati ya 10¹⁰ na 10¹².

Hapa pana mtego kwa mtengenezaji wa pwani. Dar es Salaam au Mombasa, ambako hewa ina unyevu mwingi karibu mwaka mzima, hata dozi ndogo hufanya kazi na majaribio hupita. Bidhaa ileile ikipelekwa Dodoma wakati wa kiangazi, au kwenye stoo yenye kiyoyozi, kiongezeo kipo juu lakini hakina maji ya kunasa, na vumbi linarudi. Pima kwenye unyevu wa asilimia 50 na tena kwenye 30 kabla ya kuahidi. Gliseroli monostearati pia hufika haraka na kuisha haraka, hasa kwa vyombo vinavyooshwa. Amini zilizoethoksiliwa huchelewa kidogo lakini hudumu, kwa hiyo fomula nzuri mara nyingi huchanganya zote mbili: moja ya wiki za mwanzo, nyingine ya miezi inayofuata.

Jua linavyokula uso

Miale ya urujuanimno na oksijeni zikikutana huharibu polipropilini zaidi kwenye mikroni mia chache za juu, kwa sababu oksijeni haipenyi haraka kuliko inavyotumika. Safu hiyo huwa kavu na kupasuka, kisha ufa huo mdogo hukimbia kuelekea kwenye plastiki nzima iliyo chini. Hivyo ndivyo kiti kinavyovunjika mguu chini ya mtu huku asilimia tisini ya unene wake bado ni nzima.

Kinga kuu ni amini zenye vizuizi, ambazo hukamata radikali huru, vipande vya molekuli vyenye ukali vinavyoendesha uharibifu, kwa kawaida asilimia 0.1 hadi 0.5. Zipo za molekuli ndogo, zenye uzito karibu 480, na zipo za molekuli kubwa zenye uzito wa 2,000 na zaidi. Kwenye ukuta mnene uhamaji unakuwa rafiki: molekuli ndogo zinazotumika au kupotea juu hujazwa na nyingine kutoka ndani, na unene wa milimita 3 ni ghala kubwa. Kwenye uzi au filamu hakuna ghala, molekuli ndogo huisha mapema, na zile kubwa zinazobaki mahali pake ndizo hufaa. Kiti au kreti inayokaa nje inastahili mchanganyiko wa zote mbili. Amini hizi hazipatani na asidi. Zikikutana na salfa au klorini, kama kwenye vyombo vya dawa za mashamba, hugeuka chumvi na nguvu yake hupungua.

Kwa matangi meusi ya maji, masizi laini ya asilimia 2 hadi 2.5 huzuia miale isipenye kabisa, mradi yamesambazwa vizuri. Masizi yaliyoganda kwa madonge huacha madirisha ya plastiki isiyo na kinga. Kata kipande cha tangi chembamba kiasi cha mikroni 20, ukishikilie kwenye mwanga wa hadubini: rangi iwe moja ya kijivu, bila nukta nyeusi na bila michirizi mieupe.

Pale unapotaka kisihame

Ndoo itakayochapishwa nembo haitaki amidi juu. Wino na gundi hushika vyema pale uso unapokuwa na nguvu ya kuvuta kimiminika ya milinyutoni 38 hadi 42 kwa mita, na polipropilini hufikishwa hapo kwa mwali wa moto au cheche za umeme. Kiongezeo kikipanda baada ya hapo hufunika uso uliotayarishwa. Chapisha ndani ya saa ishirini na nne baada ya kutibu, pima kwa kalamu za wino wa majaribio asubuhi ya kazi yenyewe, na usitegemee kipimo cha jana.

Viongezeo vya molekuli ndogo huacha pia utando kwenye kalibu. Kwanza bidhaa hupoteza mng'ao kwenye pembe, kisha matundu ya kutolea hewa huziba, hewa iliyonaswa hubanwa na kuunguza plastiki, na alama nyeusi hutokea mwisho wa mkondo. Fundi huona mchomeko na kupunguza joto la bareli. Kilichostahili kuangaliwa ni tundu la hewa lenye kina cha milimita 0.02 lililojaa nta. Weka ratiba ya kulisafisha kwa kitambaa na kiyeyushi, kabla halijaziba.

Kama unahitaji utelezi au kinga ya vumbi isiyohama, zipo njia za kudumu, nazo ni ghali. Siloksani za molekuli kubwa sana, asilimia 1 hadi 3, hubaki zilipo na hupunguza mikwaruzo. Polima zinazoondoa umemetuamo huhitaji asilimia 5 hadi 20, kwa sababu lazima zitengeneze mtandao. Hizi nazo hurudi kwenye sheria ya ujazaji: huvutwa kuwa nyuzi karibu na uso, na kasi isiyofaa hukata mtandao huo.

Njia ya moja kwa moja kuliko zote ya kuweka kiongezeo juu na juu tu ni sindano mbili kwenye kalibu moja, ufundi uliotengenezwa na kampuni ya ICI ya Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Plastiki ya kwanza huingia na, kwa mtiririko uleule wa chemchemi, huwa ngozi. Ya pili hufuata na kujaza ndani. Kiti cha kilo 2.5 chenye asilimia 0.3 ya kinga ya jua kinahitaji gramu 7.5. Kikitengenezwa kwa ngozi ya asilimia 40, gramu 3 zinatosha, na msingi unaweza kuwa plastiki iliyorejelezwa. Kumbuka tu kwamba molekuli ndogo zitahama pia kuelekea ndani, kutoka kwenye ngozi iliyoshiba kwenda kwenye msingi usio nazo. Kwa ngozi chagua zile kubwa.

Jaribio linalofaa kabla ya kubadili fomula

Tengeneza vibao vya unene uleule wa bidhaa, si vyembamba, kwa viwango vitatu vya kiongezeo na kimoja kisicho nacho. Badili kitu kimoja kwa wakati. Joto la kalibu lipime kwenye chuma chenyewe, usisome la maji yanayoingia. Weka seti moja kwenye nyuzi 23, nyingine kwenye nyuzi 40, na ya tatu ihame kati ya 50 mchana na 20 usiku. Pima msuguano, ukinzani wa uso na mng'ao baada ya saa 1, 24 na 72, kisha siku ya 7 na ya 28. Kwenye kibao kimoja cha kila seti futa nusu ya uso kwa pombe kila unapopima: kasi ambayo nusu hiyo hurudisha utelezi inakueleza ukubwa wa hifadhi iliyobaki ndani. Ukiwa na maabara ya kupima mionzi ya infraredi kwa njia ya kugusisha uso, kipimo husoma mikroni moja au mbili za juu tu, na alama ya amidi karibu na 1,640 kwa sentimita itaonyesha kiongezeo kikipanda siku hadi siku.

Vifuniko vya chupa vipewe siku mbili hadi tatu za kupumzika kabla ya kwenda kwenye mstari wa kujaza, vinginevyo vitafungwa wakati erukamidi bado iko njiani na vitakuwa vigumu kufungua. Andika tarehe na saa ya kutoka kwenye kalibu juu ya kila boksi, na tunza vibao vichache vya kila shehena kwa mwaka mmoja kwenye joto la stoo, wala si ofisini kwenye kiyoyozi.